Tairi la Nyuma, Kushoto

Rishton,
Jumapili, 12 Oktoba

Kaka yangu mpendwa Sanjar,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo wako umepoa, na baridi ya huko haijaanza kukutafuna. Natumaini pia kwamba wote unaoishi nao chini ya paa moja ni wazima na wanakula vizuri. Huku kwetu, alhamdulillahi, tunapumua. Mama hajambo isipokuwa magoti. Binti yako Sevinch ameanza darasa la kwanza, ameng'oka meno mawili ya mbele na siku hizi anacheka huku amefunika mdomo. Shemeji Mohlar ni mzima. Mimi bado nachora vibakuli vya chai kwa tajiri yule yule, bluu juu ya nyeupe, mpaka nikifumba macho usiku naona maua ya bluu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu zipo. Kaka, unajua simu yako ikilia hapa mama huipandisha sauti mpaka mwisho, na kila mtu huja na kiti chake. Haya ya leo hayasemeki mbele ya viti. Kwa hiyo barua nimemkabidhi Zokirjon anayerudi huko kwako Novosibirsk kwenye ujenzi, pamoja na mikate sita na aprikoti kavu. Bahasha nimeibandika kwa gundi na juu ya gundi nimepitisha sahihi yangu. Ukiona sahihi imekatika katikati, ujue Zokirjon amesoma. Usinicheke. Unanijua tangu utotoni, mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja najiuliza anataka nini kwangu.

Nianze na gari, maana mambo yote yalipitia hapo. Uliponiachia Zhiguli yako nyeupe miaka mitatu iliyopita ulinipa maneno manne tu: endesha, osha, usiguse kitu. Nimegusa, kaka. Mwezi wa Machi, wiki ya sikukuu ya Navruz, nililishusha. Vijana wote wa mtaa walikuwa wamelaza magari yao chini, na mimi nilikuwa napita na lako limenyanyuka kama kuku aliyekanyaga maji. Nikampelekea fundi Hakimjon, yule wa nyuma ya kinu. Akatoa springi zote nne, akazikata kwa grinda: za mbele mzunguko mmoja na nusu, za nyuma mizunguko miwili. Ni zile zile springi zako za kiwandani, na vipande vilivyokatwa vilibaki sakafuni kwake. Nikaweka na rimu pana. Zile picha zote ulizoniomba tangu Machi, nilizipiga nikiwa juu ya paa la jiko ili usione magurudumu. Ulisema gari linang'aa, ukakata simu haraka. Nikashukuru ile haraka yako, wala sikuishuku.

Siku ya kwanza nilijiona mtu. Jirani yetu Turgunboy alikuwa amekaa mlangoni kwake akimenya karoti, akasimama na kisu mkononi. "Ilhom, hilo umelipanda au umelivaa?" Jioni yake akaongeza, "Mwambie huyo mnyama wako anyanyuke, ardhi bado ina baridi, atapata mafua ya tumbo." Mtaa mzima ukacheka na mimi nikacheka nao, kwa sababu kicheko kile kilikuwa na wivu ndani yake.

Mateso yakaanza siku ya pili. Pale getini petu, kwenye lile zege linalovuka mfereji, ekzosi ilikaa juu ya zege na magurudumu yakabaki yanazunguka. Ikabidi nichonge mbao mbili za kupandia. Kila nikitaka kutoka nazipanga, nikishatoka nazirudisha ukutani. Nikikata kona hadi mwisho, matairi ya mbele yanakwangua plastiki ya ndani na kulia kama mtu anayesugua sufuria. Tena yameinama, juu yameingia ndani, yanalika upande mmoja tu. Kwenye matuta nilikuwa napita kwa ubavu, gurudumu moja moja, na wenye malori nyuma yangu wananitukania ukoo. Barabara ya kwenda karakana yetu ya vyungu unaijua mashimo yake. Kufikia Mei nilikuwa naenda kazini kwa miguu, na gari linashinda nyumbani.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa tairi la nyuma, kushoto. La kulia halikuwa na neno. La kushoto lilikuwa linagusa ukingo wa madigadi kila nikipita kwenye bonde, krrr, mpaka harufu ya mpira inaingia ndani. Mafundi wa mjini wana chombo chao cha kuukunja ule ukingo kwa ndani. Mimi nilichukua mti wa mama wa kusukumia unga, ule mrefu wa tambi, nikauchomeka kati ya tairi na madigadi, nikasukuma gari taratibu nao ukawa unabingirika na kukunja bati. Ulifanya kazi vizuri sana. Nikauosha, nikaurudisha mahali pake. Kesho yake mama alisukuma unga wa tambi, akatoa kwa ukucha kipande cheupe cha rangi, akakitazama, akanitazama, akaendelea kusukuma. Usiku ule nilikosa usingizi.

Tairi likaendelea kukwangua. Basi nikaanza kumshuku fundi. Nikajiambia Hakimjon amekata springi ya kushoto fupi kuliko ya kulia, labda mkono wake ulitetemeka, labda alikusudia nirudi tena na tena. Nikachukua kibakuli cha chai kutoka karakana, nikakigeuza, nikakipitisha chini ya ubavu wa gari kila upande. Kushoto kilikwama, kulia kilipita. Nikaenda kwake nimekishika kibakuli kama ushahidi wa mahakamani.

Hakimjon alikasirika kweli. Alizitoa springi zote mbili za nyuma, akazisimamisha sakafuni bega kwa bega mbele yangu, na urefu ulikuwa sawa. "Haya, weka kibakuli chako juu," akaniambia. "Weka na chai ndani. Ikimwagika, nachoma gereji hii leo." Hapakuwa na haja. Kisha akaniingiza chini ya gari akanionyesha kile chuma kirefu kinachoshika ekseli ya nyuma kwa mlalo, upande mmoja kimefungwa kwenye bodi na upande wa pili kwenye ekseli. Alisema gari likiwa juu chuma hicho kimeinama. Ukilishusha kinalala, na kikilala kinaisukuma ekseli nzima kushoto. Ndiyo maana tairi la kushoto linatoka nje na la kulia linajificha. Kuhusu kibakuli alisema nilikuwa nimeegesha kwenye mteremko, mjinga mimi. Akakata kile chuma, akakifupisha upana wa kidole, akakichomelea. Akaweka mkono kati ya tairi na madigadi, kushoto na kulia, nafasi ikawa sawa. Akapaka chokaa nyeupe kwenye ukingo kwa ndani ili tuone kama litagusa tena. Nililizungusha mjini siku tatu jioni, nikiwa peke yangu, mama akiwa kitandani kwa magoti yake, na chokaa haikuguswa. Nililala vizuri siku hizo tatu.

Siku ya nne nilirudi kazini, nikainama kama kawaida yangu. Chokaa ya kushoto imefutika. Palipokuwa na chokaa, bati linang'aa kama limepigwa msasa. Na mimi gari sikuligusa siku ile.

Nikarudi kwa Hakimjon mbio. Akatazama, akapitisha kidole, akavua miwani. "Unambeba nani?" akaniuliza. Nikamwambia simbebi mtu, na siku ile hata mimi sikulipanda. Akacheka. "Ilhom, usinifanye mtoto. Hili gari lina mtu nyuma ya dereva, mnene, na si mara moja. Kiti hicho kikipata mzigo kinashuka, na kikishuka tairi linalamba. Kama humbebi wewe, basi anabebwa." Nilitoka pale nikihesabu watu wa nyumba yetu, kaka. Ndani ya geti letu tunaishi watu wanne: mama, shemeji, Sevinch na mimi. Ufunguo wa pili unakaa kwenye kisahani cha vifungo, kwenye kabati la shemeji.

Kuanzia siku ile sikuwa mtu tena, nilikuwa polisi. Zile mbao za getini nilikuwa naziegemeza ukutani, yenye msumari nyuma na isiyo na msumari mbele. Nikirudi jioni nakuta yenye msumari mbele. Kwenye kiti cha nyuma nilikuta mbegu za habasoda, zile za juu ya mkate, na mimi sijawahi kula mkate ndani ya gari lako. Kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa kimeinamishwa kwa mtu mfupi kuliko mimi. Shemeji alikuwa anarudi kutoka nje mashavu mekundu, anajibu kwa neno moja moja. Mama naye akaanza kunifungia chakula asubuhi, mapema, moto moto, na kunisindikiza mpaka getini, akiniambia nisichelewe kazini. Tangu lini mama ananihimiza kwenda kuchora vibakuli? Hata Sevinch nilimhoji, Mungu anisamehe, kwa pipi. Akafunika mdomo wake usio na meno akasema, "Bibi amesema ami akiuliza, niseme nataka kwenda chooni." Akaenda chooni.

Nitakuambia wazi nilifikiri nini, kwa sababu nimekusudia leo kusema yote. Nilifikiri shemeji ana mtu. Nilimfikiria mwanamume mnene, amekaa nyuma ya dereva amejilaza asionekane, na mkeo ndiye anayemzungusha kwenye gari lako mwenyewe. Nilimpa hata sura. Nilimpa sharubu. Nilikaa na mtu huyo kichwani wiki mbili, na kila jioni nikila pilau aliyopika shemeji, nilikuwa natafuta kwenye uso wake alama ya zile sharubu.

Jumanne ya wiki iliyopita niliaga kazini kwamba ninaumwa jino. Nikapanda juu ya paa la Turgunboy, palipoanikwa aprikoti, nikalala kifudifudi. Turgunboy alikuwa anakereka kwamba nitamkanyagia matunda, akanipandishia chai kwa ngazi. "Jino lako liko juu sana leo," akasema. Saa tatu asubuhi shemeji akafungua geti. Akapanga mbao, yenye msumari upande wake, kwa haraka ya mtu aliyezoea. Akaingia nyuma ya usukani, akatoka taratibu, akashuka, akarudisha mbao. Nyuma ya dereva niliona kivuli cha mtu mkubwa. Sikusubiri kuona zaidi.

Nilikata kwa vichochoro mpaka kwenye tuta la mbele ya soko la mikate, kwa kuwa gari lililolala haliwezi kulikwepa wala kulivuka kwa kasi. Akaja. Nakuambia ukweli, alilivuka tuta kwa ustadi kunishinda, kwa ubavu, gurudumu moja moja. La nyuma kushoto likalia krrr. Hapo hapo nikaruka barabarani nikapiga boneti kwa viganja vyote viwili. Nilipayuka, kaka. Wauza mikate wote wakasimama. Nilisema ndugu yangu anaganda kwenye theluji ili watu hapa wale, na mke wake anazurura mjini na wanaume. Nilisema na mengine ambayo siwezi kuyaandika. Shemeji alishika usukani kwa mikono miwili akatazama mbele.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Kwanza ukatoka mguu mmoja, na soksi ya sufu. Kisha mkono ukishika paa. Kisha, kwa kuguna, akatoka mama. Nyuma yake nikaona wanawake wengine wawili wamebanana na vikapu vya mikate mapajani, na mbele mjamzito mmoja anayeenda kliniki. "Nani anazurura?" mama akaniuliza mbele ya soko lote. "Mimi? Na wanaume wako wapi, nionyeshe, miaka sitini na minne hii ningefurahi kumwona mmoja." Soko zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Toka mbele ya gari, Ilhom. Huyu mama ana zamu yake kwa daktari. Na nyumbani tutazungumza pia juu ya mti wangu wa unga."

Jioni walinikalisha chini. Shemeji ana leseni ya udereva, kaka. Unajua hilo kuliko mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyemwambia aiweke kwenye sanduku la nguo za arusi siku ya kwanza alipoingia kwetu. Baba yake alimfundisha kwenye lori la pamba. Tangu mwezi wa Mei anabeba wanawake: wauza mikate asubuhi, wajawazito, bibi wanaokwenda kwenye sherehe na hawataki kukaa na dereva mwanamume. Mama hukaa nyuma yake kila safari, kwa magoti yale, kwenye kiti kile kile, ili asipatikane mtu wa kusema neno kama lile nililolisema mimi. Huyo ndiye mtu wangu mnene mwenye sharubu.

Nikauliza kwa nini, na kwa nini kwa kujificha. Mama akamtazama shemeji, na shemeji akaeleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Mwezi wa Aprili alikupigia simu saa ambayo si yako. Mwanamke alipokea. Hakuwa na ukali wala aibu, alisema kwa upole kwamba Sanjar ametoka kidogo, amekwenda kumnunulia mtoto maziwa, apige tena baada ya nusu saa. Shemeji alimshukuru. Hakupiga tena baada ya nusu saa. Alikaa siku mbili, kisha akamwambia mama peke yake, na mama, aliyekuzaa wewe, akaenda mwenyewe kwenye sanduku la arusi akatoa leseni. Alinieleza hivi: "Sanjar ni mwanangu na atabaki mwanangu. Lakini aliyenifulia na kuniogesha mwaka ule nilipovunjika nyonga ni huyu. Siku Sanjar akisema harudi, huyu asimame kwa miguu yake. Sitaki aje kuombaomba kwa kaka zake."

Mimi nikaanza kushangaa. Nilishika kichwa, nikasema haiwezekani, kaka Sanjar hawezi, labda simu iliingiliana. Shemeji aliniacha nimalize. Kisha akasema maneno ambayo hayajanitoka mpaka leo. "Shemeji, acha. Baada ya simu ile, nilipozitazama springi za gari lake ulizozikata, nilijua na wewe unajua. Mtu hakati springi za gari la mtu anayemtarajia arudi."

Kaka, hapa ndipo ninapoogopa kalamu. Alisema kweli. Nilijua kabla yake. Mwezi wa Februari ulinipigia mchana, nilikuwa peke yangu uani nikiosha gari. Nyuma yako sauti ya mtoto iliita baba kwa Kirusi, "papa", kisha ikaita tena, karibu zaidi. Ukaweka mkono juu ya simu. Nilisikia mkono ukiwekwa. Uliporudi ukaniuliza kama theluji imeyeyuka mtaani kwetu. Nikakujibu imeyeyuka. Nilipokata simu nikajiambia ni televisheni.

Mimi, ninayemshuku Zokirjon kufungua bahasha! Mimi niliyempima fundi kwa kibakuli, niliyemhonga mtoto pipi, niliyelala juu ya aprikoti za watu. Neno moja tu nilikuwa na sababu ya kulishuku, na hilo nililimeza bila kutafuna. Nimejiuliza kwa nini, na jibu lake linanitia aibu kuliko yale ya sokoni. Kama ungekuwa na nyumba nyingine huko, gari lilikuwa la shemeji na Sevinch. Kama ulikuwa kaka mwema anayehangaika kwenye theluji, gari lilikuwa langu mpaka urudi. Na ndani yangu nilishajua hurudi, ndiyo maana mwezi mmoja baadaye nikalipeleka chini ya grinda. Nilikulinda ili niendelee kuendesha. Nilimwomba shemeji msamaha usiku ule, na asubuhi nikaenda soko la mikate nikamwomba tena palepale kwenye tuta, mbele ya wale wale walionisikia. Mmoja alinipigia makofi, wengine walinizomea. Shemeji hakusema amenisamehe. Alisema niangalie breki ya nyuma, imekuwa laini.

Nimeangalia breki. Kisha nikauza zile rimu pana kwa kijana mmoja wa Kokand, nikapata kwenye gari bovu springi nne nzima zisizowahi kuguswa. Hakimjon alizifunga Alhamisi, akakitafuta kile chuma cha ekseli chenye urefu wake wa asili, akakirudisha, akapima na alaimenti, magurudumu yakakaa sawa. Ule ukingo wa madigadi nilioukunja kwa mti wa unga hauwezi kunyooshwa bila kupasua rangi, kwa hiyo utabaki hivyo. Jana mama alikaa nyuma na wanawake watatu, vikapu na kila kitu, wakavuka tuta la soko moja kwa moja na tairi halikulia. Mbao za getini nimezikata kuni. Turgunboy alipoliona akasema, "Alhamdulillahi, mgonjwa amesimama." Funguo zote mbili ziko kwenye kisahani cha vifungo, na mimi naenda kazini kwa miguu.

Ndani ya bahasha hii nimeweka picha ya gari. Safari hii nimepiga kutoka ubavuni. Ukiitazama vizuri utaona nani ameshika usukani.

Sitakuhukumu, mimi si wa kumhukumu mtu. Ninachokuomba ni kimoja. Usinijibu mimi wala usimpigie mama. Mpigie Mohlar, mwambie kwa mdomo wako kama unarudi au hurudi, kwa sababu anajua tayari na bado kila jioni anakutungia udhuru wa kumwambia Sevinch. Huyo mtoto anahesabu meno yanayoota na kusema yakitimia mawili utakuwa umefika. La kwanza limeshachomoza.

Nimalizie kwa salamu. Turgunboy anakusalimu na anasema aprikoti za mwaka huu zina alama ya tumbo langu. Fundi Hakimjon anakusalimu. Sevinch anakusalimu sana na amekuchorea gari, lina magurudumu matano. Shemeji amesema nikuambie gari lako liko salama. Mama nilimwomba salamu mara mbili. Mara ya kwanza aliendelea kusukuma unga. Mara ya pili aliniuliza kama salamu hizo ni za Sanjar peke yake au za wote wa nyumba ile, na huyo mtoto anaitwa nani. Jina hilo silijui, kwa hiyo salamu za mama hazimo kwenye barua hii.

Mdogo wako,
Ilhom